Docus Khainza na Vibao Vinavyocheza

Katika miaka ile viwanda vya Jinja vilipokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, palikuwa na kinyozi katika Barabara Kuu aliyeitwa Kirunda, na juu ya mlango wa Kirunda palikuwa na mkono. Ulikuwa mkono wa mbao, umepakwa rangi ya kahawia, umeshika mkasi mkubwa kama jembe. Nao ulikuwa unakata. Ulifungua mkasi, ukaufunga, ukaufungua, ukaufunga, kisha ukasita kidogo kama mkono wa kinyozi anayesikiliza umbea wa mteja, ukaendelea. Wapita njia walisimama. Wenye baiskeli walishuka. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani aliinua macho kuutazama, mkungu ukamwanguka, naye akaingia ndani kumgombeza Kirunda kana kwamba ni yeye aliyemsukuma.

Aliyeutengeneza mkono huo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye madoa ya rangi masikioni siku zote, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujikuna sikio anapofikiri. Jina lake Docus Khainza. Baba yake, Yekosofati Wamboga, alikuwa Mgisu wa Mbale aliyekuja Jinja angali kijana, akawa askari jela, akazeekea kazini. Docus alizaliwa katika kota za askari, nyumba zilizopangwa mistari kama gwaride, ambamo Mwacholi alikaa ukuta kwa ukuta na Mteso, na Mteso na Mgisu, na lugha iliyowapatanisha wote ilikuwa Kiswahili. Watu wa mjini walikiogopa Kiswahili, maana walikuwa wamekisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka nyuma ya bunduki. Kwa Docus kilikuwa lugha ya kuazimana chumvi.

Utotoni alichora kwa mkaa kwenye kuta za kota. Baba yake alimwamuru asugue kwa majivu mpaka ukuta ung'ae. Na ukuta uliong'aa, kesho yake, ukawa mahali pazuri zaidi pa kuchorea. Alipokua alikwenda chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la umeme, na kutoka hapo akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo.

Huko kiwandani ndiko alikokutana na kitu kilichomgeuza. Mashine za zamani za kufuma zilikuwa na mkanda wa vipande vya mbao vyenye matundu, na ndani ya matundu mlichomekwa vijiti. Mkanda ulipozunguka, kila kijiti kilisukuma wenzo wake, na wenzo ukainua nyuzi zake. Palipokosekana kijiti, nyuzi zilikaa chini. Ukibadili vijiti, ua la kitambaa linabadilika. Docus alipoyaelewa hayo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake. Chuoni alikuwa amesoma habari za roboti wa nchi za mbali, wenye mikono ya chuma, wanaofanya kazi bila kuchoka. Kumbe roboti alikuwa hapa Jinja, amejaa vumbi la pamba, na akili yake ni vijiti ambavyo mtu anaweza kuvichomoa kwa vidole.

Mashine mpya zilikuwa na tabia nyingine. Akili yake ilikuwa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na walioileta ndio walioshika funguo na michoro. Walipoondoka, waliondoka na vyote. Siku mashine ilipogoma, mafundi walisimama mbele ya kabati wameinamisha vichwa kama watu waliofiwa. Docus akachukua nyundo, akavunja kufuli. Ndani alikuta waya, zote nyeusi, zote bila alama, zimefungwa pamoja kama nywele za mtu aliyelala msituni. Kiwanda hakikufa kwa sababu ya kabati lile peke yake. Matatizo yalikuwa mengi. Lakini kilipokufa, yeye alitoka nje ya geti akilifikiria kabati, na moyoni akala kiapo: chochote nitakachotengeneza mimi, hakitakuwa na mfuniko.

Basi akawa mchora vibao. Alichora ng'ombe kwa wauza nyama na cherehani kwa washonaji, mpaka siku aliyokutana na Kirunda, ambaye alitaka kibao cha kuwashinda vinyozi wote wa mjini. Ndipo ulipozaliwa ule mkono.

Mota yake ilikuwa ya waipa ya kufutia kioo, imechomolewa kwenye gari bovu. Mkanda wa vijiti aliuchonga mwenyewe. Vyote viliwekwa nje, kwenye rafu, chini ya bati dogo la kuzuia mvua, kila mtu avione. Na siku ya kumaliza, Docus alianza kuchora ukutani kando ya mlango kwa rangi nyeupe: mota inakaa hivi, kijiti kinasukuma hapa, kamba inavuta pale. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: KUIGA RUHUSA.

Kirunda alitoka nje na wembe mkononi, mteja wake akimfuata na povu shavuni.

"Dada Docus, hii nini?"

"Mchoro."

"Naona ni mchoro. Unamchorea nani? Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara?"

"Yeyote mwenye macho."

"Loo! Mimi nimekuja kwako nipate mkono, wewe unampa kila mtu kidole. Na kwa nini Kiswahili? Watu watadhani ni amri ya afande."

"Vizuri," alisema Docus, akiosha brashi. "Basi watii."

Mteja alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Wakatii kweli. Haukupita muda mrefu, kinyozi wa ng'ambo akawa na kichwa cha mbao kinachojigeuza kujitazama kwenye kioo. Muuza nyama akapata shoka. Fundi baiskeli aliyeitwa Asadu akatengeneza mtu anayekanyaga pedali usiku na mchana bila kufika kokote. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuangalia tu, na waliokuja kuangalia hawakukosa cha kununua. Kirunda alinuna, kisha Docus akambadilishia vijiti, mkono ukawa unakata mara tatu na kuita kwa kidole, naye akaacha kununa.

Aliyeendelea kumsema ni Madinah, mshonaji aliyekuwa na cherehani katika baraza lile lile ambapo Docus alifanyia kazi. Madinah alikuwa rafiki yake wa kweli, na kwa hiyo hakumbembeleza.

"Wewe ni kama kuku," alimwambia siku moja walipokuwa wakila mihogo na chai kama jana na juzi. "Mayai unataga, chai ya asubuhi wanakunywa nayo wengine."

"Asadu ametumia gia ya baiskeli pale nilipotumia kamba," alijibu Docus. "Ni nzuri kuliko yangu. Nimeshaiiga."

"Na tumbo lako limeiiga?"

Docus alijikuna sikio. Mvua iliponyesha, mota zake zililala kitandani na yeye akalala mkekani, kwa kuwa hakuwa na karakana, na nyakati kama hizo alijiuliza kama kiapo kinaweza kumshibisha mtu.

Mwaka 1996 ulikuwa mwaka wa shufwa, na katika nchi ya Wagisu mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu. Vijana hutahiriwa hadharani, wamesimama, mbele ya ukoo na majirani. Kwa wiki nyingi kabla ya hapo huzunguka barabarani wakicheza, njuga mapajani, ngoma za kadodi nyuma yao. Siku yenyewe ikifika, kijana husimama wima na fimbo mabegani, hapepesi hata jicho. Akitetemeka, watu hawasemi fulani ametetemeka. Husema nyumba ya fulani imetetemeka.

Mwaka huo mfanyabiashara wa vitambaa wa Mbale, Hajji Lukman, alikuja Jinja kwa shughuli zake, akasimama mbele ya mkono wa Kirunda mdomo wazi, akauliza ni kazi ya nani. Alikuwa na duka lenye ukuta mkubwa mtupu, ukitazama barabara ambayo vijana wa imbalu wangepita siku ya ufunguzi wa msimu.

"Nataka kijana wa imbalu acheze kwenye ukuta wangu," alimwambia Docus. "Acheze kama wanavyocheza wenyewe. Nyuma ya duka nina stoo kubwa, haina kazi. Wenye mji wakimkubali kijana wako, stoo ni karakana yako."

"Na wasipomkubali?"

Hajji Lukman alikohoa kwa adabu. "Mimi ni Mwislamu, dada yangu, na duka langu liko katikati ya Wagisu. Wasipomkubali, nitapaka chokaa."

Docus akafungasha mota zake, akaenda Mbale kukaa kwa baba yake. Mzee Wamboga alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ndogo Nkoma. Alimpokea bintiye kwa furaha, akamwekea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na furaha ikamtoka usoni.

"Imbalu siyo kibao cha kinyozi," alisema.

"Najua, Baba."

"Hujui. Mimi nimekaa Jinja mpaka hapa nimekuwa mgeni. Kwenye chungu cha pombe wananipa mrija uliopasuka. Navuta, inakuja hewa. Nimevumilia, nasema watanizoea. Sasa wewe uje uwachekeshe kwa imbalu? Hata huo uliopasuka wataninyang'anya."

"Sitawachekesha, afande," alisema Docus. Alimwita afande alipotaka kumlainisha, kama walivyozoea kota. Safari hii hakulainika.

"Ukikosea," alisema mzee, "mimi sina mji mwingine wa kurudi."

Docus alifanya kazi akiwa na maneno hayo mgongoni. Kitu alichokitegemea kilikuwa kumbukumbu yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, baba yake aliwaleta nyumbani kwa imbalu ya binamu yake, naye alicheza na dada wengine wa ukoo kutoka kilima hadi kilima, mpaka nyayo zikavimba. Kila hatua ilikuwa bado katika mwili wake. Aliicheza mwenyewe stooni kwa Hajji, peke yake, akisimama kila baada ya pigo kuchomeka kijiti: bega la kulia, goti, bega la kushoto, fimbo juu. Akachonga kijana wa mbao mwenye viungo shingoni, mabegani, kiunoni na magotini. Akamvisha njuga za kweli, akampaka rangi ya unga wa mtama kifuani na usoni, kama wapakwavyo. Mwisho wa mkanda akaacha sehemu ya vijiti vichache tu: hapo kijana angeinua fimbo mabegani na kusimama.

Siku ya kumjaribu ilikuwa siku ya soko. Mota ziliunganishwa na betri ya pikapu ya Hajji Lukman. Mzee Wamboga alikuja, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Kijana akaanza kucheza.

Alicheza, jamani! Njuga zililia kwa mapigo yenyewe. Mabega yalikwenda yakarudi. Bibi mmoja muuza malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi, alitua kikapu chake akapiga kigelegele. Wapiga debe waliacha abiria wao. Vijana wawili wa bodaboda walianza kucheza naye pale pale barabarani, na mmoja akapiga kelele, "Huyu ni wa kwetu kabisa!" Docus alimtazama baba yake, akaona kofia imerudi kichwani, imeinamishwa upande kidogo, kwa maringo.

Kisha mkanda ukafika mwisho. Kijana akainua fimbo, akaiweka mabegani, akasimama. Watu wakanyamaza, maana walijua wamefikishwa wapi.

Naye akatetemeka.

Hakutetemeka sana. Mota zilikuwa zimezimwa, lakini springi zilikuwa bado na nguvu, na viungo vilivyolegezwa ili acheze vizuri havikujua kutulia. Vidole vilitikisika kwenye fimbo. Kidevu kikachezacheza. Lori lilipita barabarani, ukuta ukapokea mngurumo wake, na magoti ya kijana yakagongana. Njuga, katika ukimya ule, zikalia peke yake: chi, chi, chi.

"Anaogopa," alisema mtu.

"Anaogopa! Mtoto wa nani huyo?"

"Wa yule askari wa Jinja. Wamboga."

"Aa. Hao wa Jinja hukatwa hospitali, wamelazwa kama wagonjwa."

Kicheko kikapasuka. Bibi wa malewa hakucheka. Alijifunika uso kwa khanga, akachukua kikapu chake akaenda zake, na hilo lilimchoma Docus kuliko kicheko chote. Alipogeuka kumtafuta baba yake, hakumwona.

Hajji Lukman alingoja watu watawanyike. "Dada yangu, ufunguzi uko karibu," alisema kwa upole. "Chokaa ninayo."

Docus alikaza kila skrubu. Kijana akashindwa kucheza. Akalegeza, kijana akacheza na kutetemeka tena. Akamfunga mawe nyuma ya magoti. Magoti yakatulia, kidevu kikazidi. Akaweka mpira wa gurudumu kati ya mbao na ukuta ili mngurumo wa malori usipite, na mngurumo ukapita. Kila kinachoweza kusogea, aligundua, hutikisika kidogo. Ukikiondolea mtikisiko wote, umekiondolea na mwendo. Hapakuwa na kijiti cha kuchomeka ili mbao isimame kama mtu.

Mchana mmoja alirudi Nkoma akamkuta baba yake barazani anapigilia msumari kwenye kiti ambacho hakikuwa na ubovu wowote.

"Baba," alisema, "siku yako ulisimamaje?"

"Mambo ya wanaume hayo."

"Mimi siulizi mambo ya kisu. Nauliza kusimama. Siku ile ya binamu yangu nilicheza njia nzima, lakini tulipofika uani sisi wasichana tulirudishwa nyuma ya migomba. Nilisikia kimya, halafu filimbi ya kwamba imekwisha. Katikati sikuona."

Mzee aliweka nyundo chini. Pengine ni kule kusikia kwamba bintiye hakujua, badala ya kwamba hakujali, kulikomfungua.

"Nilitazama paa la mjomba wangu," alisema. "Lilikuwa na mabati mapya. Nilijiambia, Yekosofati, wewe kazi yako ni kutazama bati lile lisiibiwe. Basi. Mimi nikawa mlinzi wa bati."

Docus alicheka bila kutaka. Mzee naye akatabasamu.

"Na watu?"

"Watu! Watu ndio walikuwa kichekesho. Wote walikuwa wanatetemeka kwa ajili yangu. Baba yangu alishika mti wa banda, banda zima likatikisika. Shangazi alikuwa amemng'ata mwenzake begani. Mjomba, mwenye bati lake, kofia ilimdondoka hakujua. Mimi peke yangu nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nafikiri, hawa wamepatwa na nini?"

Docus alikuwa ameacha kucheka. Mkono wake ulikwenda sikioni, ukabaki hapo.

"Kumbe nimemwekea mota mtu asiyestahili," alisema.

Siku hiyo hiyo alimshusha kijana wa mbao. Mahali pake akamchora mwingine moja kwa moja ukutani, kwa rangi, mrefu kuliko mtu, fimbo mabegani, macho yametazama mbele juu ya vichwa vya wote. Huyo hakuwa na kiungo hata kimoja. Lori lilipita, hakujua kama limepita. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sasa alihitaji ukoo, ukoo mzima wa kumzunguka na kutetemeka, na ufunguzi ulikuwa umefika mlangoni. Mota alizokuwa nazo zingetosha, kwani nondo moja ndefu yenye vijiti ingeweza kuwatikisa watu wengi. Lakini mikono ya kuwachonga watu hao alikuwa nayo miwili tu.

Kwa hiyo alifanya lile alilozoea. Alimfungua kijana wa mbao kiungo kwa kiungo, akavitundika vipande vyake ukutani kila mtu avione, na chini yake akachora: mbao ikatwe hivi, pini ipite hapa, iachwe ilegee, uzi ufungwe kwenye nondo. Akaandika KUIGA RUHUSA. Kisha, kwa kuwa alikuwa na haya ya kuomba, aliketi chini akaanza kuchonga, hakumwita mtu.

Aliyekuja kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, mmoja wa wale waliocheza. Alisoma mchoro muda mrefu, akitembeza midomo.

"Hawa wote wanatetemeka?"

"Wote, isipokuwa mwenyewe."

"Hata shangazi yake?"

"Shangazi ndiye kiongozi."

"Namjua huyo!" alisema kijana, akaenda kutafuta mbao.

Jioni alirudi na shangazi yake hasa, maana alikuwa shangazi kweli: mdomo wazi, mikono kichwani, khanga ya mabaki ya kitambaa cha Hajji Lukman. Waliomwona walijipiga mapaja kwa kicheko, na kila aliyecheka alikumbuka jamaa yake. Seremala akaleta babu ambaye kiko kilimtikisika. Mke wa polisi akaleta polisi anayezuia watu, naye mwenyewe magoti yanagongana. "Huyu ni mume wangu," alisema bila kupepesa, "msimwambie." Mtu kutoka Nakaloke aliwachonga majirani zake wote wawili wasiosemezana, wameshikana mikono kwa hofu. Kiungo kilicholegea, ambacho kilikuwa kimemwaibisha Docus mbele ya mji, sasa ndicho watu walichomwuliza: tulegeze kiasi gani? Naye aliwaambia, legezeni tu, hapa hakuna wa kujikaza.

Siku ya ufunguzi barabara ilijaa tangu asubuhi. Kundi la kwanza lilipofika mbele ya duka, kiongozi wa nyimbo aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Hajji Lukman, akiwa kwenye pikapu na waya wa betri mkononi, alimtazama Docus. Docus akaitikia kwa kichwa.

Nondo ikazunguka. Ukoo mzima ukatetemeka. Shangazi alitikisika, babu alitikisika, polisi alitikisika, majirani wa Nakaloke walitikisika pamoja, na katikati yao kijana wa rangi alisimama, hana habari nao, macho mbele.

Bibi wa malewa alikuwa mstari wa mbele. Aliwatazama wale wanaotetemeka mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akamtazama kijana.

"Huyo," alisema kwa sauti ya kusikika, "hata nzi akitua puani, atamwacha."

Kiongozi wa nyimbo akaidaka papo hapo, akaitia kwenye wimbo, nzi akawa kibwagizo, na ngoma zikapasuka. Kijana mmoja wa imbalu, njuga mapajani, unga usoni, alijitenga na wenzake akaja kusimama mbele ya ukuta na fimbo mabegani, sawasawa na yule wa rangi, na jamaa zake wa kweli nyuma yake wakaanza kutetemeka kwa makusudi, wakishindana na wale wa mbao. Jioni ile, kwenye chungu, mtu alimpa Mzee Wamboga mrija. Alivuta, ikaja pombe.

Docus aliipata stoo. Alikaa Mbale miaka yote iliyosalia ya muongo ule, na karakana yake ikawa mahali ambapo mafundi wa redio, maseremala na wanafunzi wa ufundi walileta michoro na kuondoka na mingine. Madinah alipokuja kumtembelea aliikagua, akala chakula cha haja, akasema kuku sasa amepata banda. Vibao vinavyocheza vilionekana mpaka kwenye vituo vidogo vya barabara ya Jinja, na vingi Docus hakuwahi hata kuwajua waliovitengeneza.

Lakini akiulizwa ni lini alipojua kwamba amefika, yeye husimulia asubuhi ya kesho yake baada ya ufunguzi. Alikwenda ukutani mapema kutia mafuta kwenye nondo, akaikuta tayari inazunguka, na baba yake ameketi juu ya kreti, msumeno miguuni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa ameshapachika mtu mpya pembeni kabisa: mnene, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, amevaa kofia ya askari jela.

"Huyu nani, Baba?"

"Mimi."

"Wewe si ulisimama?"

"Siku yangu nilisimama. Siku ya mdogo wangu nilishika ukuta." Alijipangusa uso. "Lakini nimekosea mahali. Wenzake wote wanatetemeka, yeye ameganda tu. Nimefuata mchoro wako mwanzo mpaka mwisho."

Docus aliinama akachungulia kiungo cha bega. Pini ilikuwa imekazwa kwa nguvu zote za mtu aliyefunga milango ya chuma maisha yake yote.

"Umekaza mno, afande."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Alimpa bisibisi. Mzee aliinuka, akazungusha kidogo, akatazama, akazungusha tena. Askari wa mbao akaanza kutetemeka, kwanza bega, kisha mkono ule mrefu, kisha mwili mzima pamoja na kofia. Wamboga akarudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara, bisibisi mkononi, akasimama kujitazama.